Tikisa Mpaka Saa 9

Jumanne, tarehe 10 Machi 1998. Mvua inanyesha tangu alfajiri, nyembamba, haikati. Milima ya Kongo haionekani, na ziwa nalo limefutika.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Sibadilishi, ingawa nikisoma leo naona nilikuwa najaribu kuandika kama mtu aliyesoma. Mimi nimesoma mpaka mwaka wa sita, nikaongeza miaka miwili ya kushona, na hata huko kila nguo yangu ilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Daftari nililianza kwa sababu mume wangu, dereva wa lori, alikwama Kigoma tangu nchi jirani zilipotufungia mipaka, ile tuliyoiita ambargo. Nilitaka akirudi nimsomee mambo yote kwa haki, bila kuongeza wala kupunguza. Alirudi. Hakutaka kusomewa.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo kwenye labo moja ya mjini, yaani maabara. Walipima dawa, maziwa, maji, na chochote ambacho watu wakubwa waliogopa kukimeza bila kuuliza. Mkuu wa labo alikuwa mama mmoja aliyesomea Ulaya miaka mingi, tulimwita Madamu. Mwezi ule mezani kwake palikuwa na jambo moja tu, dawa ya meno. Shirika moja la misaada lilitaka kuwagawia watoto wa kambi za waliokimbia vita, na wa shule za mtaa wa Kinama, na mjini dawa ya meno ilikuwa imeadimika. Aliyekuwa nayo ya kutosha ni mzee mmoja mfanyabiashara, mwenye asili ya Omani, aliyeiingiza katoni kwa katoni kupitia Gatumba, mpakani na Kongo. Shirika likasema litachukua makatoni yote, ila kwanza labo itoe karatasi kwamba dawa ile inalinda meno kweli. Karatasi isipotoka, makatoni hayauzwi popote, yanachomwa.

Duka la mzee lilikuwa limeshaporwa mara moja kwenye vita. Mtaani kwetu Buyenzi sote tulijua kwamba makatoni yale ndiyo yaliyombakia. Na ndiyo sababu ninaandika haya: makatoni yale nusura niyachome mimi, bila kiberiti.

Kinachopimwa kwenye dawa ya meno kinaitwa fluor. Mimi wiki mbili nzima nilisikia fleur, yaani ua. Nikaelewa kwamba Wazungu husaga maua wakayatia kwenye dawa ya meno, na kazi yetu ni kuhakikisha maua yametosha. Nilifungua tyubu nikanusa. Ilinuka mnanaa, nikaridhika. Jioni nikamweleza wifi yangu, dada wa mume wangu, niliyekuwa nakaa naye.

"Maua gani?" akauliza.

"Sijui. Ya kwao."

"Sisi tuko na maua mpaka kwenye ukuta wa choo, na meno yanatuoza."

Siku nilipomuuliza Madamu kama maua yale yanaweza kuota kwetu, alichukua tyubu, akanionyesha neno fluor, herufi kwa herufi. Wifi alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, na mwezi mzima alinisalimu kwa kuninusa.

Ila nilipoelewa, nilielewa, na kwa hilo nampa Madamu haki yake, maana alinifafanulia kwa subira. Dawa nyingi za meno zina chokaa ndani, ya kusugulia. Chokaa na fluor zikikutana, chokaa inaishika fluor, haiiachii.

"Tyubu inaweza kuandikwa fluor nyingi," alisema, "lakini ile imeshikwa na chokaa haifike kwenye jino. Mi sitafute yote iko ndani. Natafuta ile iko huru."

"Kama sukari," nikasema. "Sukari iko Gatumba, kila mutu anasema iko, lakini chai yangu haina."

"Voilà, ndiyo hivyo!" akasema, na siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Unaweka dawa kidogo kwenye mizani, unaitia kwenye kikombe cha plastiki, maana kioo fluor inakila. Unaongeza maji safi ya labo, unafunika, unaweka kwenye mashine ya kutikisa. Kisha unahamishia kwenye mashine nyingine inayozunguka kwa kasi mpaka chokaa yote ikae chini na maji yabaki juu, maangavu. Yale maji ndiyo yenye fluor iliyo huru. Madamu anachovya humo kijiti chake chenye waya, namba inatokea. Jambo moja tu la kuchunga: kutikisa kusizidi muda wake, kwa sababu kadiri chokaa na fluor zinavyokaa pamoja majini, ndivyo chokaa inavyozidi kushika. Hilo mimi sikulijua. Nikisema Madamu hakuniambia, huenda nitamwonea. Labda aliniambia zile siku za maua.

Jumanne ile Madamu aliitwa mkutanoni wizarani kabla hata koti lake la mvua halijakauka. Alikuwa ameshatia dawa kwenye vikombe vinne, vitatu vya dawa ya mzee na kimoja cha dawa ya kulinganishia, na mashine ilishaanza. Siku zote maagizo yake aliyaandika kwa Kifaransa, "9 h", "14 h", nami nilikuwa nimejifunza kutoa sita kichwani kama watu wote. Lakini siku ile, kwa kunihurumia Kifaransa changu kinachochechemea, aliniandikia kwa Kiswahili. "Tikisa mpaka saa 9. Kisha zungusha, mimina maji ya juu, funika. Usiguse kingine."

Saa 9 kwa Kiswahili ni saa tisa. Saa tisa ni mchana, jua likianza kulegea. Nikatazama saa ya ukutani, hata saa tatu ya asubuhi ilikuwa bado. Nikajiambia, kazi ya leo ni ya kutwa, na Madamu ameniamini mimi.

Mashine ikatikisika. Nikafagia, nikaosha vyombo, nikala muhogo wangu wa kuchoma, mashine inatikisika. Saa sita na nusu umeme ukakatika. Mtu mwenye akili ya kawaida angekaa akashukuru. Mimi nilivitoa vikombe, nikashika viwili mkono huu na viwili mkono huu, nikatikisa. Nikatikisa nimesimama, nikatikisa nimekaa, nikatikisa nikienda na kurudi ukumbini ili nisisinzie. Mlinzi wa mlangoni akachungulia.

"Mama, ni ngoma gani hiyo?"

"Ni kazi ya watoto wa shule."

"Basi tia na kiuno kidogo, mi nitapiga debe."

Nikaendelea kutikisa. Niliona hajui thamani ya kazi ya labo. Umeme uliporudi mabega yalikuwa yanawaka. Saa tisa kamili nikazungusha, nikamimina, nikafunika. Jioni nikaandika kwenye daftari, "Leo nimefanya kazi vizuri sana." Mstari huo nao sijaufuta, uko pale, unanitazama.

Jumatano asubuhi Madamu alichovya kijiti chake. Dawa ya kulinganishia ilitoka kama kawaida yake, kwa sababu ile haina chokaa, hata ungeitikisa wiki nzima isingebadilika. Dawa ya mzee ikatoka chini, chini kabisa, vikombe vyote vitatu.

"Ulifuata karatasi?" Madamu akaniuliza.

"Neno kwa neno, Madamu."

Na ilikuwa kweli. Ndilo jambo linalonisumbua mpaka leo, kwamba lilikuwa kweli.

Mzee akaitwa. Alikuja na kanzu safi na mwavuli uliovunjika mkono mmoja, akakaa kwenye kiti cha wageni. Mimi nilikuwa napiga deki karibu na mlango. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi, ila sikuhama pia.

"Mzee," Madamu akasema, "fluor iliyo huru haitoshi. Siwezi kuwapa watoto kitu kama hiki na kusema ni dawa."

"Madamu, mimi mwenyewe naitumia kila siku. Tazama." Akafungua kinywa. Meno yalikuwa mazuri, meupe, yamepangika. Madamu akainama kutazama.

"Haya ni ya kununua, Mzee."

"Yale mawili ya nyuma ni yangu."

Nilikaribia kucheka, na hilo nalo naliandika. Kisha mzee akafunga kinywa, na sura yake ikawa ya mtu mwingine. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yote? Hata yale ambayo hayajafunguliwa?"

"Yote ni ya mzigo mmoja. Watakuja Ijumaa kuyachukua yachomwe."

"Na watoto watapigia mswaki nini? Majivu?"

Madamu akashika kalamu. Hakuwa mtu mbaya, nilimwona anavyoizungusha. Akasema, "Njoo kesho saa nane usaini kwamba umeelezwa."

"Saa nane nimeahidi kwenda kwenye maziko, Madamu. Mchana wote sipo."

"Apana, si mchana! Asubuhi. Huit heures."

"Ah," mzee akasema. "Saa mbili."

"Saa mbili, saa nane, we njoo tu asubuhi. Mi nimezoea vile nilisoma."

Tambara likaniponyoka mkononi. Kwa Madamu saa nane ilikuwa ya asubuhi. Basi saa 9 yake ilikuwa saa tatu. Alitaka nitikise muda wa kunywa chai, mimi nikatikisa mpaka chokaa ikaishika fluor yote na mimi nikashikwa na mabega. Nilimwangalia mzee akifungua mwavuli wake mlangoni, ule mkono uliovunjika ukaning'inia, akatoka kwenye mvua. Sikusema kitu.

Nataka niwe wa haki hapa, hata kwangu mimi. Sikunyamaza kwa ubaya. Nilinyamaza kwa woga, na woga wenyewe ulikuwa wa namna ya kijinga: niliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa Madamu ajue kwamba mtu aliyedhani fluor ni maua ndiye huyuhuyu.

Nilifika nyumbani mapema, mabasi yalikuwa yanakimbizana na saa ya jeshi kufunga barabara. Wifi alikuwa anamenya mihogo, na binti yangu wa miaka saba anachezea maganda. Nikasimulia yote.

"Umetikisa siku nzima?" wifi akauliza.

"Siku nzima."

"Na kwa mikono?"

"Umeme ulikatika."

Akaweka kisu chini. "We mutu, umetikisa mpaka umetikisa riziki ya mwenzio."

"Kosa ni nusu kwa nusu. Yeye aliandika saa 9 kwa Kiswahili."

"Nusu yake iko Ulaya. Yako iko hapa, inamenya mihogo na mi." Kisha akawa mpole. "Sikiliza, wifi yangu. Nyamaza. Kaka yangu hayupo, kazi ni yako peke yako. Yule mzee ana watoto wakubwa Maskati, watamtazama."

"Hana. Wana wake wote walikufa. Ana mkwe tu na wajukuu."

Wifi akachukua kisu tena, akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho. "Basi sijui," akasema.

Usiku ule milio ya bunduki ilisikika upande wa vilima, kama kawaida, na mimi nikajisikia nimepata kisingizio cha kutolala.

Alhamisi nilifika labo kabla ya wote. Madamu alipoingia sikumwacha hata avue koti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, lakini yaliyotoka ni haya: "Madamu, saa tisa ni saa ngapi?"

"Nini?"

Nikamwonyesha karatasi yake. Akaisoma. "Niliandika saa 9. Saa 9 ni saa 9."

"Kwenye saa ya ukutani ndiyo, Madamu. Kwenye mdomo ni saa tatu."

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Niliona jambo likimwingia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mkeka. "Ulitikisa mpaka lini?"

"Mpaka mchana. Saa tisa."

"Lakini umeme ulikatika. Mlinzi aliniambia."

"Nilitikisa kwa mikono."

Madamu akaweka kichwa mezani, juu ya mikono yake. Nikajua analia, nikaanza kumwomba msamaha, nikasema Madamu pole, Madamu niko tayari kuondoka, nipe tu muda wa kukausha vyombo. Alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yanatiririka. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Na hukuniuliza. Siku nzima hukujiuliza hata mara moja?"

"Nilijiuliza. Nilijijibu mwenyewe."

"Mutu angepoteza kila kitu."

"Ndiyo, Madamu."

"Na jana ulijua? Alipokuwa hapa?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. "Nilijua alipokuwa anafungua mwavuli," nikasema.

Hakunifukuza. Lakini aliniangalia kwa namna ambayo ningependelea anifukuze, kisha akasema, "Leta vikombe. Vya plastiki."

Mzee aliwasili saa mbili, yaani saa nane ya Madamu, akiwa na kalamu yake mfukoni tayari kusaini. Madamu akamwambia akae, kuna kosa la labo, kipimo kinarudiwa. Alisema kosa la labo. Hakunitaja. Akafungua tyubu mpya tatu mbele yake. Mimi nilipewa kazi moja, kutazama saa ya ukutani na kusema basi. Sijawahi kutazama saa namna ile. Mzee alikuwa anavuta tasbihi punje kwa punje, na mimi nikawa nahesabu dakika kwa tasbihi yake badala ya saa, ikabidi nianze upya kutazama mshale.

"Basi!" nikasema, kwa sauti kubwa mno.

Madamu akazungusha, akamimina, akachovya. Namba ikapanda, ikashuka kidogo, ikasimama. Akachovya kikombe cha pili, kisha cha tatu. Mzee hakuelewa namba, kwa hiyo alikuwa anasoma uso wa Madamu, na uso wa Madamu haukuwa na maandishi.

"Inapita," akasema mwishowe. "Si nyingi, Mzee, nisikudanganye. Iko juu ya mstari kidogo tu. Lakini inapita. Nitarudia kesho, nikipata namba ileile nitasaini."

Haki inanitaka niseme hivyohivyo: haikuwa dawa nzuri sana. Nimesikia baadaye watu wakisimulia kwamba labo iliokoa dawa bora kuliko zote mjini. Apana. Ilikuwa dawa ya chokaa, iliyokaa juani Gatumba, na fluor yake iliyo huru ilikuwa ya kutosha tu. Ila ya kutosha ndiyo iliyotakiwa.

Mzee akaficha uso kwenye viganja, akasema alhamdulilahi mara nyingi. Ningekaa kimya mambo yangeisha vizuri. Lakini nikamfuata mlangoni.

"Mzee, kosa la labo ni mimi."

"Wewe binti wa deki?"

"Mimi. Nilitikisa kupita kiasi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye makubadhi. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyenilaza macho jana."

"Ndiye mimi."

"Basi na wewe Mungu akutikise," akasema, "ila kidogo tu." Akafungua mwavuli wake akaenda, na sikujua kama alikuwa amenisamehe au amenilaani.

Ijumaa Madamu alirudia, namba ikakaa palepale, akasaini, na gari la shirika likaja kubeba makatoni. Lakini hiyo ni Ijumaa. Alhamisi jioni karatasi ilikuwa bado haijasainiwa, na hilo ni muhimu, kwa sababu jua likikaribia kuzama mkwe wa mzee alibisha hodi kwetu na bakuli kubwa lililofunikwa kitambaa.

"Baba amesema mle," akasema. "Amesema ni ya yule wa kutikisa."

Ilikuwa pilau ya nyama. Ilikuwa na zabibu. Nikamshukuru, nikamwambia arudi nayo, kwa sababu kipimo hakijakwisha na watu watasema labo imelishwa. Alidhani natania. Ilibidi nimsindikize mpaka njiani na bakuli nimelibeba mwenyewe. Niliporudi wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umerudisha pilau?"

"Karatasi haijasainiwa."

"Karatasi inakula pilau?"

"Ni haki tu, wifi."

"Haki yako inaanza siku ya nyama."

Naandika yote, basi niandike na hili: wakati mimi naongea na mgeni mlangoni, na bakuli tumelitua ndani, binti yangu alikuwa ameshachota matonge mawili chini ya kitambaa, na wifi kipande kimoja cha nyama, ambacho mpaka leo anasema kilikuwa mfupa. Jioni ile nyumbani kwetu tulikula ubugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, pamoja na ndagala saba, wale dagaa wa ziwani. Wifi aliwagawa mwenyewe: wanne kwa mtoto, wawili kwake, na mmoja, aliyekatika kichwa, akaniwekea mimi.